Nilivyokodi wapagazi wa Kivinje kunihamishia nyumba na mkwe wangu, toka Miteja mpaka Lindi

Wakuu wa baraza hili, salaam aleikum.

Naona hapa kila mtu huandika habari za boma, za meli na za mabwana wakubwa. Mimi leo naleta habari ya kuhama nyumba.

Msicheke. Asiyewahi kuhama na mkwe wake hajui dunia.

Ni kweli tupu. Mke wangu Somoe amekaa hapa ubavuni, na nikitia chumvi atanisahihisha, kama anavyonisahihisha kila siku ya Mungu.

Kwanza mnijue. Chuo cha Kurani nilikaa msimu mmoja, mwalimu akanichapa, sikurudi. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwa kusoma alama za magunia. Mwenye hati nzuri anisamehe, asiyenisamehe, basi.

Nilianza kwa kubeba sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, kichwani toka bara mpaka Kivinje, mpaka shingo hii ikawa nene kama ya ng'ombe. Halafu nikaacha kubeba, nikawa nanunua na kuuza. Nikaoa Miteja, nikajenga kwa wakwe kama ilivyo ada. Hakuna mtu aliyenipa hata sindano.

Vita vya maji vikaja, vikapita. Sitavieleza, nanyi mlivipata huko mliko. Nasema hivi tu: wenye dawa walikula mtama wetu, na wenye bunduki walikula mtama wetu, na uliobaki ukachomwa.

Ikafuata njaa. Miteja tukala mizizi ya porini, ile ya kulowekwa siku tatu isije ikakuua.

Mimi nilikuwa na kiwanja Lindi, pale Mtanda, nilichonunua zamani. Nikaenda nikajenga nyumba, na kando yake kijumba kingine chenye mlango wake peke yake.

Kijumba cha nani? Cha mkwe wangu, mama yake Somoe.

Jina lake sitalitaja, hata hapa. Mkwe hatajwi. Mwajua wenyewe adabu yetu: nikimwona njiani napinda porini, akiniona anajifunika. Hali mbele yangu, sili mbele yake. Kitanda chake sikigusi, chungu chake sikigusi. Miaka yote niliyokaa Miteja hatukuwahi kusemeshana neno moja uso kwa uso. Akitaka kitu humwambia binti yake, "Mwambie mwenye nyumba," nami nimesimama pale pale nasikia yote.

Vita vilimchukulia watoto wawili wa kiume. Mmoja tulimzika. Wa pili, Mfaume, alikwenda na wenzake kuelekea bara na hakurudi, wala hakuna aliyesema amemwona amekufa.

Kwa hiyo bibi yule hakutaka kuhama. "Mwanangu akirudi atanikuta wapi?"

Lakini alikuwa amebaki mifupa. Somoe akaniambia wazi: mama akibaki hapa, mvua zijazo hataziona. Na mama asipokwenda, mimi siendi.

Hapo ndipo shughuli ilipokuwa, wakuu. Kufika Lindi na vyombo si kazi. Kazi ilikuwa kumfikisha bibi yule akiwa hai, na kwa ridhaa yake.

Chombo cha baharini? Mkwe alishaapa hapandi. Basi ni miguu.

Nikafanya kosa la kwanza. Nikajisemea, mimi mwenyewe nilikuwa mpagazi, nitakodi wapagazi wa nini? Nikaita ndugu na majirani. Wakaja wengi, maana niliahidi chakula, na wakati ule ukisema chakula hata wafu husikia.

Wakala. Wakabeba sanduku langu mpaka mlangoni, wakalidondosha. Kisha ikafika zamu ya vitu vya bibi.

Hakuna aliyenyanyua mguu.

Huyu ni mkwe wake, hawezi kuingia ndani. Yule ameoa kwa dada yake, naye hawezi. Yule pale mkewe ni mpwa wa bibi, ni mkwe vile vile. Kijiji kizima kimeoa ukoo mmoja! Wanaume kumi na kitu wamesimama uani wametazama chini, kama kuku waliomwona kipanga, na kitanda cha kamba cha mwanamke mmoja hakuna wa kukitoa.

Wakaenda zao. Wameshiba.

Ndipo Somoe akasema, "Pale Kivinje kuna watu wa kazi hiyo. Waite. Au unaogopa watajua kuliko wewe?"

Mke mwenye ulimi, wakuu, ni neema. Ila si kila siku.

Wapagazi wale zamani walibeba pembe za ndovu toka Nyasa. Biashara ile ilipolala na njia kuharibika kwa vita, wakaona watu wengi wanahama, wakaanza kuhamisha nyumba za watu. Mkuu wao alikuwa Myao, Che Ndembo, mtu mfupi, mpole, jino moja la mbele hana. Bei tukapatana. Ilikuwa ya kiume, lakini sikulia.

Alipofika kwangu nilidhani atanyanyua mizigo aone uzito. Hata! Alikaa, akaomba maji, akaanza kuuliza watu. Nani mkwe wa nani? Nani hali na nani? Nani hatajwi na nani? Nani mgonjwa, nani ana mimba, nani amefiwa?

Nikachoka. Nikamwambia, "Wewe, nimekuita ubebe masanduku, sikukuita unipeleleze."

Akacheka. "Bwana mkubwa, sanduku halina shida. Likianguka, linaokotwa. Mzigo mzito hapa ni mkwe."

Na kufunga kwao sasa! Nakubali, mimi niliyebeba miaka mingi sikuwahi kuona ufungaji ule. Vikombe vya kauri vya Somoe walivitia ndani ya kinu, wakasokomeza usufi, wakafunga mdomo kwa mkeka. Vyungu viliingia kimoja ndani ya kingine na majani makavu katikati. Vitanda walivifungua kamba, miguu na mbao zikawa mzigo mmoja mwembamba. Na kila mpagazi alichagua mzigo wake mwenyewe, akautia alama yake, na tangu hapo ni wake mpaka mwisho wa safari. Hakuna kusema sikujua ni wa nani.

Vitu vya bibi vilichukuliwa na Che Ndembo na Wayao wenzake. Bibi ni Mmatumbi, nao walisema ni watani wao. Mtani hana mkwe. Waliingia ndani wakicheka, wakamwambia, "Bibi, kumbe una vyungu vitatu na mwili wako wa kijiti! Unampikia nani, kunguru?" Naye akawajibu, "Nawapikia Wayao, maana ndio hula makombo." Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita kumsikia akijibu mtu.

Yeye mwenyewe alitiwa katika machela, ile nguo ya kulalia inayoning'inizwa kwenye mti, inabebwa na watu wawili, na wengine wawili wa kupokezana. Juu akafunikwa kaniki, ile nguo nyeusi.

Che Ndembo akatoa amri moja kwangu. Moja tu. "Wewe utakwenda mbele kabisa, nyuma ya kiongozi wa njia. Bibi atakuwa mwisho kabisa, na binti yake ubavuni. Usirudi nyuma. Ukitaka habari za nyuma, zitakufuata."

Nikaitika. Lakini moyoni nilisema, mtu nimemkodi mwenyewe halafu ananipanga kama mtoto wa chuo.

Tukaondoka asubuhi. Siku ya pili tukafika mto Matandu.

Maji yalikuwa ya kifuani, si mabaya. Nikavuka na kundi la mbele. Sanduku likavuka, vitanda vikavuka, kinu na vikombe vyake kikavuka. Nikasimama ng'ambo nimeridhika. Nikageuka.

Nikaiona machela inashuka ukingoni, na nikaona wazi kabisa wanaingilia mahali pabaya.

Wakuu, mimi Matandu naujua. Niliuvuka kabla Che Ndembo hajaota ndevu. Damu ikanipanda. Nikakunja kanzu mpaka kiunoni, nikarudi majini mpaka karibu yao, nikapiga kelele, "Huko kuna shimo! Shukeni huku! Huku, nyinyi!"

Mkwe wangu aliposikia sauti akafunua kaniki kutazama kuna nini.

Akaniona. Mimi mkwewe, mapaja nje, ndevu zinatiririka maji, natupa mikono kama kichaa. Na niko karibu, mikono miwili tu kati yetu.

Akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote mwenye adabu angelifanya. Akajipindua upande wa pili ili ajifiche uso.

Uzito ukahama. Mbebaji wa mbele akateleza. Machela ikageuka, bibi akaingia majini.

Mtu wa karibu zaidi nilikuwa mimi. Naliandika hili bila kupamba: mkono wangu uligoma. Niliunyoosha, ukafika nusu, ukasimama. Miaka yote ya adabu iliukamata kwenye kiwiko. Nguo yake nyeusi ilipita mbele yangu, nami nimesimama kama mti wa kufungia mtumbwi.

Che Ndembo ndiye aliyejitupa. Akamshika kwapani, akamwinua. Bibi akatoka anakohoa, maji puani, na jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kuvuta pumzi vizuri, alivuta nguo akajifunika, kwa ajili yangu.

Mimi nikageuka nikampa mgongo, katikati ya mto. Hapo ndipo ilipofika hekima yangu yote.

Walimrudisha ukingo waliotoka, ulio karibu. Mimi nikatokea ukingo wa pili. Sasa tazameni hesabu ya ujinga: vyombo vyangu vyote viko ng'ambo hii na mimi, watu wangu wote wako ng'ambo ile. Nina kinu, nina vitanda, sina nyumba.

Habari ikaletwa na mpagazi mmoja. Bibi amesema anarudi Miteja. Somoe amesema mama akirudi naye anarudi. Kisha akaongeza, akitazama pembeni, "Na mkeo amesema mengine, lakini hayo mzigo wake siubebi mimi."

Nikakaa juu ya sanduku. Kurudi Miteja maana yake ni kaburi, kila mtu alijua. Na aliyemsukuma huko ni mimi, si njaa wala bunduki za Mdachi.

Che Ndembo akavuka mwenyewe. Nilidhani atanitukana, ningependa anitukane.

Akauliza, "Bwana mkubwa, ulinikodi nikubebee nini?"

"Nyumba yangu."

"Mbona unainyang'anya mabegani mwangu?"

Nikaikamua kanzu yangu. Yeye akasema, "Lile shimo ulilolisema lilizibwa na mchanga masika haya. Tulipima kwa fimbo tulipokuja kwako." Akaendelea, "Haya. Mkwe aliyeonwa vibaya hufanya nini kwenu?"

Nikamwambia: huomba radhi, na hutoa nguo ya kuifunika ile aibu.

"Basi?"

Basi wakuu, mimi sijawahi kumwomba mtu radhi. Si sifa, naeleza tu. Mtu aliyejitoa chini kwa shingo yake hujifunza kutoiinamisha tena. Lakini niliutazama ule ukingo wa pili, nikamwona mke wangu ameketi mchangani, kichwa cha mama yake mapajani. Nikafungua mzigo wangu wa nguo, nikatoa kaniki mpya niliyoiweka ya kuingilia nyumba mpya, nikampa. Nikasema, "Mwambie nimekosa."

"Nani amekosa?"

"Mimi."

"Sema vizuri, mto una kelele."

"MIMI NIMEKOSA!" Ng'ambo ya pili wakasikia wote. Nadhani hata viboko.

Akavuka na kaniki kichwani. Yaliyosemwa kule nilihadithiwa na Somoe.

Che Ndembo alipiga goti akasema, "Bibi, mkweo ameleta nguo na amekiri. Lakini sisi watani zako tunasema mwenye makosa ni wewe. Mapaja yenyewe yale! Makavu kama miti ya uzio. Mtu mzima ajitose mtoni kwa ajili ya yale?"

Mimi huku nikaona mabega ya bibi yanatikisika. Nikasema basi, analia, yamekwisha.

Kumbe anacheka. Anacheka mpaka anashika mbavu, na Somoe anacheka, na wapagazi wamelala mchangani.

Halafu akalia kweli. Akasema, si mapaja, mwanangu. Ni Mfaume. Mto huu nikiuvuka nimemtupa.

Che Ndembo hakumwambia neno la kumpoza. Alimwinua, akampeleka nyuma hatua chache mpaka njia panda tuliyoipita, akamwonyesha tawi bichi limelazwa kuvuka njia ya kulia.

Akamweleza. Hii ni kazi ya kiongozi wa njia tangu zamani. Penye njia mbili, ile ambayo msafara haukupita huzibwa kwa tawi, ili aliyechelewa nyuma asipotee. "Tangu mlangoni kwako Miteja, kila njia panda tumeziba. Hukuona, ulikuwa umefunikwa. Tawi likikauka, kuna watu: kila tutakapolala tutaacha jina lako na jina la Mtanda. Sisi hupita njia hii kila mwezi. Atakayekuulizia atajibiwa."

Bibi akatazama lile tawi muda mrefu. Akasema, "Yanayofuata nitayaweka mimi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Akavuka Matandu akiwa na kaniki mpya begani. Mimi nilikuwa nimekwisha tangulia mbali, naangalia mgongo wa kiongozi kama vile umeandikwa aya. Na toka hapo, kila penye njia panda msafara ulisimama, machela ikashushwa, bibi akatoa mkono nje akaweka tawi lake. Safari ikarefuka siku mbili. Hakuna mpagazi aliyenung'unika.

Njia ile, sitawaficha, ilikuwa na vijiji vitupu, kuta nyeusi, hakuna hata jogoo. Lakini kusini ya mto Mbwemkuru tukaanza kuona muhogo umechipua kwenye mashamba yaliyoungua, na pale Mchinga tukala samaki. Bibi akala wawili. Mbwemkuru wenyewe nilivuka wa kwanza, nikakaa nimefunikwa mkeka mpaka nilipoambiwa nifunue.

Tulipofika Mtanda wapagazi hawakutupa mizigo mlangoni wakaenda zao. Walimuuliza Somoe kila kitu kinakaa wapi, wakakiweka. Vitanda wakavifunga kamba upya. Vikombe vyote vilitoka kwenye usufi vizima. Kilichovunjika safari nzima ni kimoja, kioo cha taa, na nilikibeba mimi.

Sasa mafunzo, kwa mnaotaka kuhama.

Mtu wa kazi akija kwako akaanza kwa kupima masanduku, si mtu wa kazi. Anayeuliza habari za watu, huyo mshike. Na ukishamlipa mtu kwa anachokijua, kiachie kile anachokijua. Pesa yako imenunua mabega yake na kichwa chake pia, usimrudishie kichwa. Mimi funzo hili limenigharimu kuoga Matandu mbele ya mkwe.

Kuomba radhi hakuvunji shingo. Nilijaribu, bado ninayo.

Mtaniuliza habari za Mfaume. Mpaka leo hajaja. Che Ndembo kila akipita hutuletea salaam za njiani, na yupo mtu wa Kiswere anasema kijana wa sura ile aliulizia Miteja. Huenda ni yeye, huenda siye. Bibi ameliweka neno lile moyoni, na analima.

Nilitaka kumaliza hapa, lakini kuna jambo limetokea leo asubuhi, ndilo lililonikalisha niandike. Mvua za vuli zimeanza. Nilikuwa uani nafunga gunia, nikasikia sauti nyuma ya ukuta wa makuti, upande wa kile kijumba. Somoe hakuwapo, amekwenda kisimani. Hapakuwa na mtu wa kutumwa.

Sauti ikasema, "Mwenye nyumba. Paa langu linavuja. Nami mwaka huu na ujao nipo."

Ananisemesha mimi. Yeye mwenyewe.

Nikajibu, "Nimesikia, mama." Ikatoka kama ya mtoto.

Kwa hiyo mniwie radhi, makuti yameshaletwa na ngazi iko tayari. Waliohama na wakwe zao, na waliowahi kubebewa nyumba na watu wa kazi, andikeni yenu hapa, ya uzuri na ya aibu. Nikishuka toka juu ya paa nitayasoma yote, hata ya wanaotaka kunicheka.